Miguu ya Maji Moto

Vijana wa bloa walifika hadi ukingoni mwa shamba wakagoma kuingia. Walikuwa wawili, mmoja kabeba mashine mgongoni, mwenzake kashika ndoo ya salfa, wote wanautazama mkorosho wa kwanza kwa juu kama watu wanaokagua paa linalotaka kudondoka.

"Bosi, huu mti una maji moto," akasema yule wa mashine. "Na ule pale. Na ule. Wakitudondokea shingoni sisi tunatupa mashine tunakimbia. Waue kwanza, sisi tutakuja kesho kutwa."

Ilikuwa Julai, maua yameshaanza kufunguka, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho unaohitaji salfa, haumsubiri mtu. Mjomba, mwenye shamba, alikuwa msibani Newala. Mimi ndiye niliyeachiwa madaraka kwa siku nne, mtu ambaye kazi yangu yote iko mezani mjini Mtwara, na shamba la Tandahimba nalijua zaidi kwa kula korosho zake kuliko kwa kulilima. Nikapanda bodaboda hadi dukani, nikaomba dawa ya wadudu, nikapewa chupa. Jioni ile ile vijana wakapuliza.

Asubuhi chini ya mikorosho kulikuwa na kitu kama majani ya chai yaliyomwagwa. Nikainama. Walikuwa maji moto, maelfu, miguu imekunjamana tumboni. Wachache walikuwa bado wanatikisa vipapasio.

Mjomba aliporudi nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akapita moja kwa moja shambani. Hakunigombeza. Alizunguka mti mmoja, akaokota gao moja la wale wadudu, akalipuliza likapeperuka.

"Umewafukuza askari wangu, mpwa. Sasa huku juu utalala wewe?"

Kufikia Septemba machipukizi yalikuwa yamekauka ncha, meusi, kama yamepitishiwa kibiriti. Hiyo ndiyo saini ya mbu wa mikorosho, mdudu mwenye mdomo wa sindano ambaye wataalamu humwita Helopeltis. Mwenzake, Pseudotheraptus wayi, huchoma korosho changa ikiwa bado kijani, na doa lake hulioni vizuri mpaka ubangue. Tulibangua. Mjomba akawa ananionyesha punje moja moja zenye madoa, bila kusema neno, anaziweka upande wangu wa mkeka.

Haya ninayoandika yalianzia kwenye mkeka ule. Nilitaka kujitetea. Nilirudi mjini nikaanza kusoma usiku nikitumaini kukuta mahali palipoandikwa kwamba maji moto ni kero tu na wazee wetu wanawatukuza bure. Nikakuta kinyume chake, na nikakuta pia kwamba hata mjomba hakuijua hesabu nzima ya nilichoua.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kung'atwa: maji moto ni chungu wa mtini, rangi ya chai iliyokolea, jina lake la kitaalamu Oecophylla longinoda. Si siafu, siafu wanatembea ardhini kwa msafara. Wala si mchwa, ambaye kwa ukoo ni jamaa wa mende. Maji moto wanaishi ndani ya majani mabichi waliyoyashona. Wanajipanga mstari kama watu wanaovuta jarife, wanavuta ukingo wa jani hili ukutane na la pili, kisha wengine wanakuja na watoto wao mdomoni, mabuu meupe yanayotoa uzi wa hariri, wanawapitisha huku na huku kama mshonaji na sindano yake. Hawana mwiba. Wanauma kwa meno, halafu wanakunja tumbo na kupulizia asidi juu ya kidonda. Jina lao limetoka hapo, na aliyewabatiza bila shaka alikuwa amesimama chini ya mti anavua shati.

Kwamba wanalinda miti si habari mpya. Kusini mwa China, maandishi ya mwaka 304 tayari yanaeleza viota vya ndugu zao wa Asia vikiuzwa sokoni ili vitundikwe kwenye michungwa. Kwetu, Mwingereza M. J. Way aliwachunguza kwenye minazi ya Unguja miaka ya 1950, na yule mdudu mharibifu wa nazi na korosho, wayi, amepewa jina lake. Heshima ya ajabu kidogo, jina lako kupewa mdudu unayempiga vita. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, na wenzao wamewafuatilia kwenye mikorosho miaka ya karibuni, na matokeo yanaelekea kule kule: penye maji moto wengi, mbu wa mikorosho na wayi hupungua. Ubwiriunga ni habari nyingine. Huo ni ukungu, na umebaki kuwa kazi ya salfa.

Na malipo yao? Chukua jani changa la mkorosho asubuhi, kabla jua halijakaza, ligeuze. Kuna vitezi vidogo vinavyotoa tone la utamu. Viko hata kwenye vikonyo vya maua na kwenye korosho changa. Mti hauwekei utamu huo nyuki pale. Ua lina utamu wake. Huu ni mshahara wa mlinzi. Nilikuwa najua kiasi hicho na nikaridhika nacho: mti unatoa sukari, chungu anatoa ulinzi, mkataba wa pande mbili. Kinachonifurahisha ni kwamba wenyewe hawajajuana utotoni. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili karne ya 16. Maji moto ni mwenyeji wa Afrika. Wamekutana ukubwani na wakaelewana.

Sasa upande wa tatu.

Mwaka 2014 watafiti wa Taasisi ya Max Planck iliyoko Jena, Ujerumani, Marcia González-Teuber, Martin Kaltenpoth na Wilhelm Boland, walichapisha kazi waliyoifanya juu ya mgunga mmoja wa Meksiko. Mgunga huo ni rafiki wa chungu kuliko mkorosho wetu: una miiba mikubwa yenye uwazi ndani, na chungu wanazaliwa, wanaishi na kufia humo. Kuna chungu wa aina mbili wanaopanga nyumba hiyo. Wa kwanza, Pseudomyrmex ferrugineus, ni mlinzi wa kweli, anakula na anapigana. Wa pili, Pseudomyrmex gracilis, ni mla bure. Anakunywa, analala, adui akija anajifanya hajaona. Kila kitongoji unamjua mtu wa namna hiyo.

Kila mtu angetarajia miti ya mla bure iwe imetafunwa zaidi na wadudu. Lakini hawa walitazama kitu kingine, maradhi ya majani. Majani ya miti yenye walinzi wa kweli yalikuwa na bakteria wachache zaidi juu yake na madoa machache zaidi ya ugonjwa. Hapo swali likawa gumu. Chungu anaweza kumng'ata panzi, anaweza kumpulizia mbuzi puani. Bakteria atamng'ata vipi?

Wakakata miguu. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikacheka peke yangu: watu wazima, maabara ya Ujerumani, wanakusanya miguu ya chungu. Waliiloweka, wakatia yale maji kwenye sahani ya maabara palipooteshwa Pseudomonas syringae, bakteria anayejulikana kwa kuugusa mmea akauacha na mabaka. Bakteria wakashindwa kukua. Wakaenda hatua moja zaidi, wakaotesha viumbe waliokuwa wakiishi kwenye miguu hiyo. Wakapata bakteria wengine: Bacillus, Lactococcus, Pantoea, Burkholderia. Waliwakutanisha na Pseudomonas waliotolewa kwenye majani yenye ugonjwa wa mgunga ule ule, na wale wa miguuni wakawazuia.

Yaani chungu anapopita juu ya jani kuanzia alfajiri hadi magharibi, hatua zake zinapaka kitu. Mwenyewe hajui. Anafuata sukari tu. Miguuni amebeba jeshi lisiloonekana, na kuna wakati jeshi hilo ndilo linalopigana vita ambavyo meno yake hayaviwezi.

Hao wa miguuni si wageni kwako. Lactococcus ni wa jamii wanaogandisha maziwa yakawa mtindi. Bacillus wako kwenye udongo wa shamba lolote. Hakuna kiumbe wa ajabu aliyeshushwa kutoka mbinguni kwa ajili ya mgunga wa Meksiko. Ni majirani wa kawaida waliopewa mahali pa kukaa.

Hapa Kiswahili kinanitega. Neno letu ni moja: mdudu. Maji moto ni mdudu, mbu wa mikorosho ni mdudu, bakteria wa kipindupindu ni mdudu, na hata virusi vya UKIMWI watu walivisema kwa mafumbo kwamba fulani "ana mdudu". Ukienda zahanati unaambiwa una wadudu kwenye mkojo. Neno linabeba wote na karibu wote linawabeba kwa ubaya. Siku ile dukani niliomba "dawa ya wadudu" na muuzaji hakuniuliza wadudu gani, wala mimi sikuona kwamba kuna la kuulizwa.

Nikaendelea kusoma. Nilikuwa nimekwishaacha kujitetea.

Kuna fumbo lililowasumbua wataalamu wa misitu: juu ya miti ya nchi za joto chungu ni wengi kupita kiasi. Ukisema wote ni wawindaji, hesabu inakataa. Simba hawawezi kuzidi swala. Mwaka 2003 Diane Davidson na wenzake, waliopima naitrojeni ya miilini mwa chungu wa misitu ya Peru na Borneo, walionyesha kwamba wengi wa hao wa juu kimsingi wanaishi kwa mmea: nekta, na ule utamu unaotolewa na wadudu wanaofyonza utomvu. Lakini sukari haijengi mwili. Mpe mtoto maji ya mabibo asubuhi, mchana na jioni uone atakuwaje. Protini wanatoa wapi?

Wengine wanatoa tumboni, kwa mpangaji. Chungu wa jamii ya Camponotus, wale wakubwa wanaotembea mmoja mmoja, ambao tunao hapa kwetu pia, wana bakteria anayeitwa Blochmannia ndani ya seli za utumbo wao. Jina limetokana na Mjerumani Friedrich Blochmann, aliyewaona kwa hadubini karne ya 19. Bakteria huyu amekaa ndani ya chungu muda mrefu hata amepoteza sehemu kubwa ya vinasaba vyake, hawezi tena kuishi nje. Anarithiwa na mtoto kutoka kwa mama kupitia yai. Kazi yake mojawapo ni kuchukua urea, taka ya mwili, kuivunja kuwa amonia, na kuitumia kutengeneza viini vya protini ambavyo chungu hawezi kuvitengeneza mwenyewe.

Urea. Ile ile ya mfuko wa kilo hamsini. Nilimweleza mjomba kwa simu na hiyo ndiyo sehemu pekee aliyoniomba nirudie.

"Kwa hiyo ana kiwanda cha mbolea tumboni."

"Ndiyo, mjomba. Na anaendeshewa na bakteria."

"Halafu sisi tunapanga foleni."

Maji moto si wa ukoo wa Camponotus, na hana Blochmannia. Yeye nyama anaila, ndiyo maana anatufaa: yule mbu wa mikorosho ni kitoweo. Lakini naye ana jambo lake na bakteria, na hili nililiona karibu kuliko mengine yote, kwenye chupa ya siagi ya karanga juu ya meza yangu ya jikoni.

Baada ya msimu ule niliomba kiota kidogo kutoka shamba la jirani wa mjomba, nikakileta mjini ndani ya chupa, kifuniko nimekitoboa kwa sindano. Niliwatilia tone la asali. Ukiwa na lenzi ndogo na subira, unaona tumbo la anayekunywa likivimba mpaka magamba yanaachana na asali inaonekana kwa ndani kama taa. Akimaliza anajitoa pembeni. Kisha anajikunja, kichwa kinashuka, tumbo linakuja mbele chini ya miguu, na mdomo unagusa ile ncha ya nyuma inakotoka asidi. Analamba. Anajinyoosha. Anarudia. Mara ya kwanza nilidhani anajisafisha kama paka.

Kumbe anakunywa. Mwaka 2020 Simon Tragust na wenzake walieleza tabia hiyo kwa chungu wa nasaba ndogo ya Formicinae, ambamo maji moto yumo. Chungu akishakula humeza asidi yake mwenyewe, na gole lake, ile mifuko ya mbele anamohifadhi chakula cha kugawia wenzake, linakuwa kali kama siki na zaidi. Walipowalisha chungu wa Camponotus chakula chenye bakteria hatari aitwaye Serratia marcescens, waliozuiwa kujilamba nyuma walikufa zaidi kuliko walioachwa walambe. Asidi ile inafanya kazi ya bawabu mlangoni. Lakini si kila anayebisha anarudishwa. Kuna bakteria wa familia ya Acetobacteraceae, wanaovumilia ukali, hao wanapita na kukaa.

Msomaji wa kusini anaijua familia hiyo kwa pua. Uraka, pombe ya mabibo, siku ya kwanza ni mtamu, siku ya pili umeshika, ukiuacha wazi siku kadhaa unageuka siki na mwenye kilabu anaanza kutafuta wa kumsingizia. Wanaougeuza ni Acetobacteraceae. Tembo la mnazi likichacha ni wao. Kwa hiyo ndani ya gole la chungu kuna hali inayofanana na mtungi wa uraka uliokaa: sukari, ukali, na ukoo ule ule wa bakteria wanaojisikia nyumbani. Na chungu wanalishana mdomo kwa mdomo. Tone moja la nekta ya mkorosho linapita magole mengi kabla ya kuisha, na kila gole lina bawabu wake.

Nilikaa na chupa ile wiki tatu. Mke wangu alitoa notisi, nikairudisha.

Kuna hadithi nyingine ya Afrika Mashariki ambayo siwezi kuiruka, ingawa si ya pwani. Kwenye nyanda za udongo mweusi za Kenya, na kwetu upande wa Serengeti, upo mgunga mfupi wenye miiba iliyovimba kwenye shina kama kitunguu. Chungu huitoboa, na upepo ukipita miiba inapiga mluzi. Mmoja wa wapangaji wake ni Tetraponera penzigi, mwembamba, mweusi. Kutoka kwa chungu hao waliokusanywa Kenya, watafiti wa Uingereza, wa Chuo Kikuu cha East Anglia na Kituo cha John Innes, walipata bakteria waliyempa jina Streptomyces formicae. Mwaka 2017 walitangaza kwamba anatengeneza kundi la dawa lisilokuwa likijulikana, wakaliita formicamycin, na kwamba maabara lilimuua yule MRSA, bakteria sugu anayewatesa wagonjwa waliolazwa hospitalini.

Streptomyces nao unawajua. Zile sindano za zamani za kifua kikuu, streptomaisini, zilitoka kwa mmoja wao mwaka 1943. Na ile harufu ya udongo mvua ya kwanza ya Novemba inapougonga mchanga mwekundu wa Newala, inayowatoa watu vibarazani, sehemu yake kubwa ni kemikali wanayoitoa wao. Chungu wa Amerika wanaokata majani na kulima ukungu chini ya ardhi wana bakteria wa jamii jirani, Pseudonocardia, wamewapaka mwili mzima kama unga mweupe. Kwa miaka mingi wataalamu waliutazama ule weupe wakidhani ni nta. Mwaka 1999 Cameron Currie akaonyesha ni bakteria, na kwamba wanatoa dawa dhidi ya ukungu mwovu unaovamia shamba la chungu. Nampenda sana mtu wa kwanza aliyekwangua unga ule badala ya kuandika "nta" na kwenda kula.

Hata hivyo naogopa shauku yangu mwenyewe. Nimeshaona matangazo ya chupa za "bakteria rafiki wa mimea" yanayoahidi kila kitu, na sioni ugumu wa mtu kuja kutuuzia chupa yenye picha ya maji moto. Sitainunua. Yaliyoonyeshwa Meksiko yameonyeshwa kwa mgunga na chungu wake, na miguu ya maji moto wa Tandahimba ni miguu mingine. Ninachokitaka mimi si chupa. Nataka wale wenye miguu warudi mtini.

Kurudisha kulikuwa kazi. Mwaka uliofuata mjomba alinipeleka kwa jirani yake saa kumi na moja alfajiri, wakati baridi imewalegeza. Masharti yake yalikuwa mawili. Viota vyote vitoke kwenye koloni moja, maana wa koloni mbili ukiwaweka mti mmoja watauana mpaka mwisho. Na chini ya mti wetu nihakikishe hakuna wale wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa, kwa sababu hao watapanda na kuwamaliza wageni kabla hawajashona jani. Nilikuja kugundua kwamba mjomba anamsema Pheidole megacephala, yule yule aliyevamia migunga ya Laikipia nchini Kenya, akawafukuza chungu walinzi, na tembo wakapata nafasi ya kuivunja miti. Douglas Kamaru na wenzake walieleza mwaka 2024 kwamba mbuga ilipobaki wazi hata simba walianza kukosa pundamilia wakageukia nyati. Mjomba hajasikia habari za Laikipia. Alijua tu kwamba vichwa vikubwa ni watu wabaya.

Tulikata viota kumi na vinne. Nilivaa mikono mirefu, nikafunga suruali kwa kamba chini, na bado waliniingia. Tukavitia kwenye viroba, tukavitundika kwenye mikorosho mitatu, na mjomba akafunga kamba za ukindu kutoka mti hadi mti ili wapite juu bila kukanyaga chini. Kufikia saa nne wa kwanza walikuwa kambani, wanakwenda na kurudi, wanasimama, wanapapasana.

Siku ya sita nililala kule kule shambani. Asubuhi nikaona majani ya mti wa kati yana madoa madogo ya kahawia, yamekauka kama matone ya chai. Moyo ukanishuka. Nikakata jani moja, nikalipeleka kwa bwana shamba, nikiwa nimeshajiandaa kusikia jina la ugonjwa. Akaligeuza, akalikwangua kwa ukucha, akacheka.

"Huu si ugonjwa. Choo hiki."

Choo cha maji moto. Hölldobler na Wilson walieleza tangu miaka ya 1970 kwamba Oecophylla longinoda huweka matone hayo makusudi kila mahali penye eneo lao, na chungu mgeni akiyakuta anajua kwamba ameingia kwa watu. Tena kuna la ziada. Mwaka 2018 watafiti wa Denmaki, Christian Pinkalski na wenzake, walifuatilia naitrojeni kutoka kwa ndugu zao wa Asia waliowekwa kwenye miche ya kahawa, wakaikuta ndani ya majani: tone linadondoka juu ya jani, na jani linalinyonya. Yaani mbu wa mikorosho aliyeliwa asubuhi anaweza kuwa sehemu ya jani kabla ya wiki kuisha.

Nikampigia mjomba, ambaye safari hii alikuwa kwenye mnada wa korosho.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wapo?"

"Wapo. Ila wamechafua majani. Bwana shamba anasema ni choo."

Kimya kidogo. Nyuma yake nasikia mtu anasoma bei kwenye kipaza sauti.

"Wameshajisaidia juu ya majani yote, au lile moja tu?"

"Karibu yote, mjomba."

"Basi wamehamia."